Mafuta ya Damu na Urithi wa Wazazi

Siku moja mama mmoja na mume wake walikuja hospitali kupimwa damu. Walikuwa watu wa Katuba, wameoana miaka mingi, nao walikula katika chungu kimoja: bukari, sombe iliyotiwa mawese, samaki, na nyama wakati mshahara ulipotoka. Majibu yalipoletwa, damu ya mume ilikuwa njema. Damu ya mke ilikuwa na kolesteroli zaidi ya mara mbili kuliko ya mume wake. Yule baba akacheka, akasema mbele ya wagonjwa wote waliokaa kwenye benchi, "Leo nimejua ni nani anayemaliza nyama jikoni nikiwa kazini." Watu wakacheka pamoja naye. Mama hakucheka. Aliinama, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nilimwuliza peke yake anakula nini. Akaniambia kweli tupu, nami nilimwamini, maana najua desturi za nyumba zetu. Baba hupewa kipande kinono, na mama hubaki na mchuzi na watoto. Basi yule aliyekula nyama nyingi alikuwa na damu safi, na yule aliyekula kidogo alikuwa na damu nzito. Je, jambo hili lawezekana? Ndiyo, lawezekana kabisa. Kwa ajili ya mama yule, na kwa ajili ya wengine wanaoshitakiwa bure, nimeandika maneno haya.

Kwanza ujue ya kuwa kolesteroli si sumu. Ni kitu laini kama nta, nacho kimo ndani ya kila mtu na kila mnyama. Mwili huitumia kujenga ngozi nyembamba ya kila chembe hai, na kutengeneza nyongo, ile inayosaidia tumbo kusaga mafuta. Sehemu kubwa ya kolesteroli haitoki katika chakula. Ini lenyewe huitengeneza usiku na mchana. Inayobaki twaipata katika vitu vya wanyama tu: mayai, maini, ubongo, nyama, mafuta ya maziwa. Mahindi hayana kolesteroli, wala maharagwe, wala karanga, wala mawese. Ukiona chupa ya mafuta ya mimea dukani imeandikwa kwa herufi kubwa ya kuwa haina kolesteroli, usishangae sana. Hakuna mafuta ya mmea wo wote yaliyo nayo, hata yale yasiyoandikwa neno.

Kolesteroli haiwezi kwenda peke yake katika damu, kwa kuwa mafuta na maji havipatani. Hubebwa kama mzigo. Kuna wabebaji wanaoitwa LDL, ambao huitoa kwenye ini na kuipeleka mwilini. Hao wakizidi katika damu, mzigo wao huingia katika kuta za mishipa na kuzifanya nene na ngumu. Wako wengine wanaoitwa HDL, ambao huokota mabaki na kuyarudisha kwenye ini. Mshipa wa moyo ukizibika, mtu hushikwa na maumivu ya kifua na kuanguka. Mshipa wa kichwa ukizibika, hupooza upande mmoja.

Sasa fikiri Kasumbalesa, pale mpakani kwenda Zambia. Malori hufika siku zote. Milango ikiwa wazi, malori hupita, na njia haina shida. Milango ikifungwa nusu, foleni hurefuka kilomita nyingi, hata kama hesabu ya malori haikuongezeka. Ndivyo ilivyo katika ini. Juu ya chembe za ini iko milango midogo ya kupokea LDL na kuitoa katika damu. Mtu mwenye milango mingi, hata akila mayai, foleni yake ni fupi. Mtu mwenye milango michache hupata foleni ndefu hata akila mboga. Na mafuta mazito, yale yanayoganda yakipoa, huifanya milango hiyo ipungue kazi yake. Ndiyo sababu mawese, ingawa hayana kolesteroli, huweza kuipandisha kidogo yakitumiwa kwa wingi, maana karibu nusu yake ni mafuta ya namna hiyo.

Lakini hesabu ya milango haitawaliwa na chungu peke yake. Iliagizwa tangu tumboni mwa mama. Maagizo hayo madogo, yaliyomo ndani ya kila chembe, huitwa jeni. Kila mmoja wetu alipokea nusu ya jeni zake kwa baba na nusu kwa mama, na ndivyo ilivyo kwa mbuzi, kwa kuku na kwa nyani. Wafugaji walijua jambo hili zamani, kabla ya neno jeni. Watakuambia ya kuwa kuku wawili wa umri mmoja, wakila mahindi yale yale, mmoja hunenepa upesi na mwingine hubaki mwembamba, na vifaranga vyao hufuata wazazi.

Wanyama ndio waliowafundisha waganga mambo mengi katika habari hii. Mwaka 1913, katika mji wa St. Petersburg nchini Urusi, Nikolai Anichkov na mwenzake waliyeyusha kolesteroli katika mafuta ya alizeti, wakawalisha sungura. Mishipa ya sungura ikajaa mafuta, ikawa kama mishipa ya wazee wenye ugonjwa wa moyo. Lakini panya walipolishwa vivyo hivyo, mishipa yao haikuharibika. Mbwa naye alikuwa mgumu. Mwaka 1946 watu waliotaka kuleta ugonjwa huo kwa mbwa iliwabidi kwanza kudhoofisha tezi ya shingoni kwa dawa, ndipo damu yake ikapanda.

Sababu yake si ngumu. Sungura hula majani, na majani hayana kolesteroli, kwa hiyo mwili wake haukupewa njia ya kuitoa kwa wingi. Panya hula kila kitu. Ini lake likiona kolesteroli imezidi, huigeuza kuwa nyongo upesi, na nyongo hutoka pamoja na choo. Kila mnyama na maagizo yake.

Hilo ni la mnyama wa aina moja na mnyama wa aina nyingine. Je, wanyama wa aina moja, ndugu kwa ndugu, nao hutofautiana? Hapa twende kwa nyani. Sisi wa Katanga twamjua, na wengine humwita kolwe. Hata yuko nyani mmoja mdogo wa kusini mwa Kongo, Zambia na Angola ambaye watu wa elimu wamempa jina la Kinda, kwa ajili ya mahali palipo hapa kwetu Katanga. Lakini nyani waliochunguzwa zaidi walitoka Kenya. Katika miaka ya 1950 Wamarekani wa mji wa San Antonio, Texas, pamoja na mganga Henry McGill, walifika Kenya, wakachunguza mishipa ya nyani wa porini. Mwaka 1960 walitoa habari ya kuwa nyani hao, ambao hakuna mtu aliyewapa siagi wala nyama ya kukaanga, walikuwa na michirizi ya mafuta katika mshipa mkubwa wa damu, kama ilivyo kwa wanadamu.

Nyani wengine walipelekwa Texas, wakazaliana huko, na kila mmoja akaandikwa baba yake na mama yake katika daftari. Kisha wakalishwa chakula kimoja chenye mafuta ya nguruwe na kolesteroli nyingi. Wengine LDL yao ilipanda sana. Wengine haikupanda ila kidogo, na kwa wengine iliyopanda zaidi ni HDL. Dume mmoja alizaa na majike wengi, na watoto wake, ingawa mama zao walikuwa mbalimbali, walifuata njia ya baba. Ndipo wakachagua wale wenye kupanda wakawazalisha pamoja, na wale wasiopanda vilevile, hata wakapata koo mbili za nyani, ukoo wa damu inayopanda na ukoo wa damu inayotulia. Walipotafuta ndani ya mwili wakaona mambo mawili makubwa. Nyani wa damu inayopanda hunyonya kolesteroli nyingi zaidi kutoka katika matumbo. Na nyani wa damu inayotulia, ini lake likiona mafuta yamezidi, huongeza upesi kazi ya kuigeuza kolesteroli iwe kitu cha kutolewa.

Wala si jeni moja tu. Ni nyingi, kila moja inavuta kidogo, kama wanaume wengi wanaosukuma gari lililokwama katika matope ya masika. Ndiyo maana watu wengi wako katikati, si juu sana wala si chini sana.

Nitawaambia pia habari ya kuku, kwa kuwa nikiisimulia katika mafundisho ya asubuhi mama wa sokoni huipenda kuliko zote. Mjapani mmoja, Akira Endo, alitafuta katika maelfu ya ukungu, ule unaoota juu ya vitu vilivyooza, hata mwaka 1973 akapata dawa inayozuia mwili kutengeneza kolesteroli. Akawapa panya. Damu ya panya haikushuka hata kidogo, na kazi ilikuwa karibu kuachwa. Ndipo rafiki yake mmoja mwenye kuku wa mayai akakubali dawa ijaribiwe kwa hao kuku. Walifikiri hivi: yai lina kolesteroli nyingi, basi kuku atakuwa na nyingi katika damu. Mwaka 1976 kuku wakapewa, na kolesteroli ya damu yao ikashuka karibu nusu. Kama wangaliwasikiliza panya peke yao, dawa ile ingalitupwa jalalani. Mwaka 1987 dawa ya kwanza ya jamii hiyo iliruhusiwa kuuzwa Marekani, na leo dawa hizo, zinazoitwa statini, huokoa watu wengi sana.

Na huko huko Japani, katika mji wa Kobe, mwaka 1973 mganga wa wanyama Yoshio Watanabe alimkuta sungura mmoja mwenye kolesteroli nyingi ajabu, naye alikula chakula cha kawaida cha sungura. Hakulishwa mafuta. Watanabe akamzalisha, na uzao wake ukawa na damu ile ile, ukaugua mishipa ya moyo. Siri yake ikaja kujulikana: sungura hao walikosa ile milango ya ini. Katika miaka hiyo Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, walikuwa wameigundua milango hiyo kwa kuchunguza watoto wa watu waliougua moyo wangali wadogo. Mwaka 1985 wakapewa tuzo ya Nobel.

Sasa tumefika kwa wanadamu. Karibu mtu 1 katika kila 250 au 300 duniani amerithi kwa mzazi mmoja jeni iliyoharibika ya milango hiyo. Nusu ya milango yake haifanyi kazi tangu kuzaliwa. Kila mtoto wake, wa kiume au wa kike, yuko katika hatari nusu kwa nusu ya kuirithi. Mtoto akiirithi kwa baba na kwa mama pia, jambo ambalo ni nadra, aweza kushikwa na ugonjwa wa moyo hata kabla hajawa kijana. Na ugonjwa huu hauchagui tajiri. Humpata hata mtu asiyekula nyama ila sikukuu.

Kinyume chake wako watu waliopewa urithi mwema. Mwaka 1991 waganga wa Marekani waliandika habari ya mzee wa miaka 88 aliyekula mayai kama 25 kila siku, kwa miaka mingi, na damu yake ilikuwa ya kawaida. Matumbo yake yalinyonya kolesteroli kidogo tu, na ini lake lilitengeneza nyongo mara mbili kuliko watu wengine. Huko kusini, nchini Zimbabwe, kuna wanawake wachache katika kila mia moja wenye jeni inayozuia ile milango isivunjwe ovyo. Habari yao ilitolewa mwaka 2007. Mmoja wao, msichana aliyeirithi kwa wazazi wote wawili, alikuwa na LDL ndogo kabisa, karibu hakuna, naye alikuwa mzima wa afya. Kwa kufuata mfano wa watu kama hao, dawa za sindano zimetengenezwa, zikaanza kutumika mwaka 2015. Bei yake bado ni mlima kwetu.

Na Wamasai je? Swali hili huulizwa kila mara, hasa na wanaume wanaotafuta ruhusa ya kula nyama. Ni kweli ya kuwa George Mann na wenzake walipowapima Wamasai wa Tanganyika, habari yao iliyotoka mwaka 1964 ilisema kolesteroli yao ni ndogo, ingawa walikula maziwa, nyama na damu. Mwaka 1971 waganga wengine walionyesha ya kuwa Mmasai akila kolesteroli nyingi, mwili wake hupunguza sana ile unayoitengeneza wenyewe. Na mwaka 2012 wachunguzi waliona alama katika jeni zao, hasa zile za kusaga maziwa na za kushughulikia mafuta, kana kwamba maisha ya ng'ombe yamewachagua kizazi hata kizazi. Lakini wapenda nyama husahau sehemu ya pili. Mwaka 1972 Mann alichunguza mioyo na mishipa ya wanaume 50 wa Kimasai waliokufa, akakuta mafuta katika kuta za mishipa yao. Ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ikapita. Watu hao walitembea kutwa nzima nyuma ya mifugo. Wewe unayekwenda kazini kwa teksi na kukaa mpaka jioni, usijifananishe nao.

Mtu asisome habari hii akasema, "Basi yote ni urithi, nile nipendavyo." Wale nyani wa damu inayopanda, walipolishwa chakula chepesi, hawakuwa na damu ile. Jeni ni bunduki, na chungu mara nyingi ndicho kidole. Kwa hiyo kaanga kidogo, chemsha zaidi. Mawese mekundu usiyatupe, maana yana kitu kinachojenga macho ya watoto. Yatie kwa kijiko badala ya kikombe. Mafuta yaliyokwisha kukaangia mara nyingi, hata yamekuwa meusi, yamwage. Maharagwe, mboga, ndagala na karanga ni chakula chema na bei yake yapatikana. Tumbako iache kabisa. Na tansio ipimwe, kwa kuwa hapa kwetu naona kupanda kwa tansio kunapoozesha watu wengi kuliko kolesteroli, na chumvi tunayotia katika samaki ni ya kuogopesha.

Watoto wadogo waliokonda, habari hii si yao. Mtoto mwenye kwashiorkori apewe mafuta na yai, wala mama yake asiogope.

Lakini zipo nyumba ambazo chakula hakitoshi kuwaponya. Ukiwa katika ukoo wenu mwanamume alikufa ghafula kwa moyo kabla ya miaka 55, au mwanamke kabla ya miaka 60, uje upimwe. Ukiona uvimbe mgumu katika mshipa wa nyuma ya kisigino, au juu ya vifundo vya vidole, au madoa ya manjano kwenye kope za macho, njoo upesi. Mganga ataangalia, naye aweza kukupa statini umeze kila siku, na isiachwe kwa sababu unajisikia mzima. Mama mwenye mimba, au anayetaka kupata mimba, amwambie mganga kwanza.

Yule mama wa Katuba nilimwambia avue viatu. Nyuma ya visigino vyote viwili palikuwa na uvimbe, naye alidhani ni kwa sababu ya kusimama sokoni. Nikauliza habari za wazazi. Mama yake alianguka akafa akiwa na miaka 48. Kaka yake alikufa kazini, hata miaka 42 hakumaliza. Walipomzika kaka, ukoo ulikwenda kwa mpiga ramli, naye akamtaja mjomba mmoja, mzee asiye na mtoto. Vijana wakamtupia mawe, akakimbilia Likasi na mkeka wake tu. Miaka sita ilikuwa imepita, na hakuna aliyekwenda kumtazama.

Mume alisikia maneno haya yote, maana nilimwita aingie. Hakucheka tena. Aliuliza neno moja, "Na watoto wetu?" Jumamosi iliyofuata aliwaleta wote wanne. Wawili walikuwa na damu kama ya mama yao, na mkubwa wao alikuwa kijana wa miaka 19, mcheza mpira, mwenye nguvu kabisa. Huyo kijana akachukua karatasi yake ya majibu, akaitazama muda mrefu, akamwambia baba yake, "Mjomba ni lazima aione karatasi hii."

Walikwenda pamoja, baba na mwana, kwa basi ya Likasi. Baba alinieleza baadaye ya kuwa mzee alifungua mlango, akasimama kimya, asiwatolee salamu. Kijana akampa ile karatasi kwa mikono miwili. Mzee hakujua kusoma. Akawavutia kiti, akasema wamsomee.